Antroposofia ni nini? Fikra ya Rudolf Steiner darasani, shambani na hospitalini

Mzazi anayetafuta shule Nairobi au Dar es Salaam huenda akakutana na jina la Waldorf au Steiner. Mkulima anayetaka kuuza mazao yake Ujerumani huenda akasikia habari za cheti cha Demeter. Na aliye na ndugu Ulaya pengine ameshaletewa mafuta ya kujipaka ya Weleda. Majina haya yote yana chimbuko moja: mtu mmoja aliyefariki mwaka 1925, na fikra yake inayoitwa antroposofia.

Wengi hukutana na matunda ya fikra hii bila kuijua fikra yenyewe. Wengine huipenda shule na kuukubali mfumo mzima wakiwa wamefumba macho. Wengine husikia habari za pembe za ng'ombe kufukiwa ardhini, wakaondoka wakitikisa kichwa. Mimi naona ni haki ya mtu kuelezwa kwanza wazo lililo chini ya mambo haya yote, kisha apime mwenyewe.

Rudolf Steiner alizaliwa Februari 1861 huko Kraljevec, mahali ambapo leo ni Kroatia lakini wakati ule palikuwa chini ya dola ya Austria. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na familia ilihama kutoka stesheni moja hadi nyingine. Alisoma hisabati na sayansi katika chuo cha ufundi cha Vienna, na akiwa bado kijana akakabidhiwa kuhariri maandishi ya kisayansi ya Goethe, yule mshairi mkubwa wa Kijerumani ambaye pia alichunguza mimea na rangi. Goethe alishikilia kwamba ili kuujua mmea, mtu autazame kwa subira unavyobadilika jani baada ya jani, mpaka aione hali yake nzima. Steiner aliibeba njia hiyo ya kutazama maisha yake yote. Mwaka 1891 alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Baadaye alijiunga na Jumuiya ya Theosofia, kundi la watu waliotafuta hekima ya siri ya kiroho, na kuongoza tawi lake la Ujerumani kuanzia 1902. Wakuu wa jumuiya walipomtangaza kijana wa Kihindi, Krishnamurti, kuwa mwalimu wa ulimwengu anayekuja, Steiner alikataa, na mwisho wa 1912 wafuasi wake wakaanzisha Jumuiya ya Antroposofia. Makao yake makuu yalijengwa Dornach, karibu na Basel, Uswisi. Jengo la kwanza, la mbao, liliteketea usiku wa kuamkia mwaka 1923. Lililopo sasa ni la zege.

Basi antroposofia inasema nini? Jina lenyewe ni la Kigiriki, yaani hekima kuhusu binadamu. Steiner alidai kwamba ulimwengu wa roho upo kweli kama huu wa vitu, na kwamba mtu akijizoeza kwa tafakuri na nidhamu ya mawazo anaweza kuuchunguza kama mwanasayansi anavyochunguza maumbile. Alifundisha kwamba binadamu ana tabaka nne. Kuna mwili wa vitu, ambao jiwe pia linao. Kuna nguvu za uhai zinazoukuza na kuutengeneza mwili huo, ambazo mmea pia unazo. Kuna tabaka la hisia, maumivu na matamanio, ambalo tunashirikiana na wanyama. Na kuna ile "mimi" ya kila mtu, ambayo ni binadamu peke yake anayo na ambayo, kwa imani ya Steiner, hurudi duniani katika maisha mengi. Hayo ya kurudi duniani Mkristo au Mwislamu wa kwetu hawezi kuyapokea kirahisi, na hakuna haja ya kumficha.

Mtu aliyeshika tabaka hizo nne ameshashika ufunguo wa yote yanayofuata.

Tuanze na shule. Mwaka 1919 Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita, watu wana njaa na siasa zimevurugika. Emil Molt, mwenye kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria mjini Stuttgart, alimwomba Steiner aanzishe shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake. Shule ilifunguliwa Septemba mwaka huohuo, na jina la kiwanda likawa jina la mfumo wa elimu ulioenea duniani. Yaliyofanyika pale yalikuwa makubwa kwa wakati ule: wavulana na wasichana darasa moja, mtoto wa kibarua na mtoto wa meneja dawati moja, na safari ya masomo ya miaka kumi na miwili kwa wote, bila kuwatenga mapema wa mafunzo ya kazi na wa chuo kikuu.

Katika shule za Waldorf mtoto hafundishwi kusoma na kuandika rasmi mpaka afikie miaka sita au saba. Sababu inatoka moja kwa moja kwenye zile tabaka. Steiner alisema kwamba kwa miaka saba ya mwanzo nguvu za uhai zimeshughulika kuujenga mwili, na dalili kwamba kazi hiyo imekwisha ni meno ya utoto kung'oka. Hapo nguvu hizo hupata nafasi ya kutumika kwenye kumbukumbu na kujifunza. Ukimlazimisha mtoto mapema, unazitoa kwenye kazi yake ya kukua. Kwa hiyo chekechea ni kucheza, kuimba, kuoka mkate na kusikiliza hadithi.

Darasa la kwanza likifika, herufi huzaliwa kutoka kwenye picha. Mwalimu husimulia hadithi ya milima miwili, huichora ubaoni kwa chaki za rangi, watoto huichora nao, na kesho yake vilele viwili vyenye bonde katikati vinabaki kuwa M ya mlima. Kila asubuhi huanza na somo kuu la muda mrefu, na mada moja hufuatwa kwa wiki tatu au nne mfululizo kabla ya kuhamia nyingine. Watoto huandika na kuchora vitabu vyao wenyewe vya masomo. Wote hujifunza kufuma, wavulana kwa wasichana. Mwalimu yuleyule anaweza kukaa na darasa lake kwa miaka minane, na madarasa ya chini hayana alama wala kupangwa nafasi.

Hapa nasema ninachoamini. Mtu anaweza kukataa kabisa habari za nguvu za uhai na meno, na bado akaona kwamba mtoto wa miaka minne hastahili kukalishwa kwenye benchi na kupewa mtihani. Shule zetu zinazompa mtoto wa chekechea kazi za nyumbani kila jioni zina la kujifunza hapa. Leo kuna zaidi ya shule 1,000 za Waldorf duniani, na Afrika Mashariki zimo: Mbagathi karibu na Nairobi, na Hekima jijini Dar es Salaam.

Kwenye kilimo, wenye shida walikuwa wakulima wenyewe. Walimwambia Steiner kwamba mbegu zao zinadhoofika na mifugo inaugua, na wengine walishuku mbolea za viwandani. Juni 1924 akatoa mihadhara minane katika shamba la Koberwitz, eneo ambalo leo liko Poland. Alichosema kwanza ni hiki: shamba ni kiumbe hai kizima. Ng'ombe, samadi, malisho, miti, nyuki na mkulima mwenyewe ni viungo vyake, na shamba zuri hujilisha lenyewe kadiri iwezekanavyo bila kutegemea vya kununua. Hilo mkulima wa Kilimanjaro mwenye kihamba, migomba, kahawa na ng'ombe zizini analijua toka kwa babu yake.

Kisha yakaja maandalizi yaliyofanya kilimo hiki, kilichokuja kuitwa bayodainamiki, kijulikane na pia kibishaniwe. Lililo maarufu zaidi lina namba 500. Majira ya baridi yakikaribia, mkulima huchukua pembe tupu ya ng'ombe jike, huijaza samadi mbichi na kuifukia. Majira ya kuchipua huifukua, na ndani hukuta kitu cheusi, laini, kisichonuka kinyesi tena bali kinachonukia udongo wa msituni. Kiasi kidogo hutiwa kwenye maji ya uvuguvugu na kukorogwa saa nzima: upande mmoja kwa kasi mpaka maji yafanye shimo katikati, kisha ghafla upande wa pili, maji yavurugike na shimo lianze upya. Jioni hunyunyizwa juu ya udongo. Steiner aliamini kwamba pembe hukusanya nguvu za uhai na kuzirudisha kwenye samadi. Maandalizi mengine huingizwa kwenye mboji, na wakulima wengi wa njia hii hupanda kwa kufuata kalenda ya mwezi na nyota.

Je, inafanya kazi? Karibu na Basel kuna jaribio lililoanza 1978, linalolinganisha mashamba ya bayodainamiki, ya kilimo hai cha kawaida na yanayotumia mbolea za viwandani. Matokeo ya miaka 21, yaliyochapishwa 2002, yalionyesha kwamba mavuno ya mifumo ile miwili ya kwanza yalikuwa pungufu kwa asilimia 20 hivi, lakini mbolea na nishati zilizotumika zilipungua kwa asilimia 34 hadi 53, viuatilifu kwa asilimia 97, na udongo ulikuwa na uhai mwingi zaidi. Kwa nionavyo mimi, sehemu kubwa ya faida hiyo ni ya mboji, samadi na kubadilisha mazao. Kwamba pembe yenyewe ina nguvu ya pekee, sayansi haijalithibitisha. Alama ya Demeter, inayowekwa kwenye mazao ya kilimo hiki cha bayodainamiki, ilianza 1928, miongo kadhaa kabla serikali hazijaweka sheria za kilimo hai, na kwa hilo wakulima hawa wanastahili heshima yao. Nchini Misri, Ibrahim Abouleish alianzisha Sekem mwaka 1977 kwenye ardhi ya jangwa kaskazini mashariki ya Cairo, akaigeuza kuwa mashamba yenye shule na kliniki pembeni.

Kwenye tiba natakiwa kusema kwa uangalifu zaidi. Daktari Ita Wegman, Mholanzi, alifungua kliniki Arlesheim mwaka 1921, na kampuni ya dawa ya Weleda ikaanza wakati huohuo. Tiba hii hutaka daktari awe kwanza amesomea udaktari wa kawaida, halafu aongeze mafunzo ya antroposofia. Hospitali zake za Ujerumani zina vyumba vya upasuaji na wagonjwa mahututi kama nyingine, pamoja na kukanda mwili, uchoraji na muziki kama sehemu ya matibabu. Wagonjwa wengi husifu muda wanaopewa na kusikilizwa.

Lakini dawa zake nyingi hazina ushahidi wa kutosha. Mfano ni sindano za kirukia kwa saratani. Steiner aliutazama mmea huo wa Ulaya unaoota juu ya matawi ya miti mingine, akaona unafanana na uvimbe unaoishi ndani ya mwili wa mtu, akahitimisha kwamba ni dawa yake. Kufanana si kuponya. Hakuna ushahidi imara kwamba sindano hizo hurefusha maisha, na mgonjwa asiache matibabu ya hospitali kwa ajili yake. Katika baadhi ya jamii za Waldorf za Ulaya kumekuwa na chanjo chache na milipuko ya surua, na surua huua watoto. Hilo halina pande mbili.

Tawi ninalolipenda kuliko yote ni la watu wenye ulemavu wa akili. Steiner alifundisha kwamba ile "mimi" ya mtu haiugui hata akili na mwili vikidhoofika, kwa hiyo hakuna binadamu pungufu. Karl König, daktari wa watoto aliyeikimbia Vienna kwa sababu ya Wanazi, alianzisha Camphill karibu na Aberdeen, Uskoti, mwaka 1940, ambako wenye ulemavu na wasio nao waliishi nyumba moja na kufanya kazi pamoja. Ni wakati uleule Ujerumani ilipokuwa inawaua watu kama hao.

Msomaji wa Afrika anapaswa kujua jambo moja zaidi. Steiner aliandika na kusema mambo kuhusu "rangi" za watu ambayo yanamweka Mzungu juu na kumdhalilisha Mwafrika. Haitoshi kusema ni mambo ya zama zake, kwa kuwa alidai kuyajua kwa jicho la roho. Mwaka 2007 chama cha shule za Waldorf nchini Ujerumani kilitoa tamko mjini Stuttgart la kupinga ubaguzi wa rangi, likikiri kwamba baadhi ya kauli za Steiner ni za kibaguzi kwa vipimo vya leo. Mzazi anayempeleka mwanawe shule yenye jina lake aulize bila kuona haya: walimu wamesoma nini kuhusu kauli hizo, hadithi na historia za darasani zinatoka wapi, na msimamo wa shule kuhusu chanjo ni upi.