Ishara ya kalsiamu si chokaa ya ubongo

Nimesikia tena, katika kipindi cha afya cha redio, kwamba kalsiamu hujenga ubongo kama inavyojenga mifupa, na kwamba mwanafunzi anayetaka kumbukumbu nzuri aongeze maziwa na dagaa. Maziwa na dagaa ni chakula chema, na mifupa ya mtoto inavihitaji. Lakini kauli hiyo imechukua kazi mbili zilizo mbali kabisa na kuzifanya moja, na kwa kuwa hujirudia kila panapozungumzwa ubongo, naona inafaa dhana yenyewe ielezwe.

Ishara ya kalsiamu ni kupanda kwa ghafla, kwa muda mfupi na mahali maalumu, kwa ukolezi wa ioni za kalsiamu (chembe zake zenye chaji ya umeme) ndani ya seli, ambako protini za seli hukupokea kama agizo la kutenda jambo. Katika seli za neva, mojawapo ya maagizo hayo ni kubadili nguvu ya sinapsi, yaani kiungo ambapo seli moja huipasha nyingine habari. Mabadiliko hayo yakidumu, wanasayansi wengi huyahesabu kuwa sehemu ya msingi wa kujifunza na kukumbuka.

Nadhani kosa linaanzia kwenye jina. Mwaka 1808, jijini London, Humphry Davy aliitenga metali hii kwa kutumia umeme, akaipa jina kutokana na neno la Kilatini calx, ambalo maana yake ni chokaa. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa chokaa ni nini. Matumbawe yalichomwa kwa kuni hadi yakawa meupe na mepesi, yakazimwa kwa maji, na kilichopatikana kikashikamanisha mawe ya majumba na misikiti kuanzia Lamu hadi Kilwa. Mwili nao una ujenzi wake: mtu mzima ana takriban kilo 1 ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno, ikiwa imeungana na fosfeti. Kwa hiyo jina limekuja na picha ya ukuta na mfupa, na msikilizaji anapoambiwa kwamba kalsiamu ina kazi ubongoni, hudhani ni kazi ileile ya kushikamanisha na kukaza.

Ndani ya seli ya neva mambo ni kinyume. Fosfeti imejaa humo, kwa sababu seli huitumia katika kuhifadhi na kutumia nishati, na kalsiamu ikiachwa iingie ovyo ingeungana nayo na kuwa mashapo magumu ya jamii ileile ya mfupa. Kwa hiyo seli hutumia nguvu nyingi, usiku na mchana, kuisukuma nje au kuifungia katika maghala yake ya ndani. Nje ya seli ukolezi wake ni kati ya milimoli 1 na 2 kwa lita. Ndani, seli inapotulia, ni karibu nanomoli 100 tu, yaani pungufu zaidi ya mara 10,000. Upungufu huo ndio unaoipa kalsiamu sauti. Lango la protini katika utando wa seli likifunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, ioni chache zinatosha kuupandisha ukolezi wa ndani mara kumi na zaidi, na seli haiwezi kukosa kulitambua badiliko kubwa namna hiyo. Kwamba kalsiamu ina kazi nyingine mbali na kujenga si habari mpya: mwaka 1883 Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huacha kupiga katika maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, na hurudi kupiga kalsiamu ikiongezwa.

Lango linalohusika zaidi na kujifunza ni kipokezi cha NMDA, protini ya sinapsi inayopokea ujumbe wa kikemikali, nacho kina ulinzi wa ajabu. Glutameti, kemikali inayobeba ujumbe kutoka seli inayotuma, hukifungua, lakini ioni ya magnesiamu hubaki imeziba tundu lake hadi seli inayopokea nayo iwe imesisimka kiumeme; jambo hilo liligunduliwa mwaka 1984. Kalsiamu basi hupita pale tu pande mbili zinapokuwa kazini kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ninapoomba umakini zaidi, kwa maana hata wanaoelewa kwamba kalsiamu ni ishara husema kwamba huimarisha sinapsi, wakaishia hapo. Ni kweli kwamba mwaka 1983 Gary Lynch na wenzake walionyesha kuwa, kalsiamu ikizuiwa isipande ndani ya seli inayopokea, sinapsi haiimariki kwa muda mrefu. Lakini mwaka 1992 Serena Dudek na Mark Bear walizisisimua sinapsi za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, mara 900, polepole, takriban mara moja kwa sekunde, nazo zikadhoofika. Udhoofikaji huo pia ulipitia vipokezi vya NMDA, na huo nao huhitaji kalsiamu. Ioni ni ileile. Ikipanda sana na kwa haraka, huungana na protini iitwayo kalmodulini na kuamsha kimeng'enya cha CaMKII, na vipokezi vya AMPA, ambavyo navyo hupokea glutameti, huongezwa kwenye sinapsi. Ikipanda kidogo na kwa muda mrefu zaidi, huamsha kimeng'enya kingine, kalsinurini, nacho husababisha vipokezi hivyo kuondolewa. Kiasi, muda na mahali ndivyo vinavyobeba ujumbe.

Kwa sababu hiyo sipendi pia tunapouita uwezo huu wa sinapsi unyumbufu. Ufito hunyumbuka, kisha ukiachiwa hurudi ulivyokuwa. Neno la kisayansi, plasticity kwa Kiingereza, limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufinyanga, na Kiswahili kina neno lake tayari: kufinyangika. Udongo wa mfinyanzi hubaki na alama ya kidole, na bado, kabla haujachomwa, huweza kubonyezwa upya kwa umbo jingine. Sinapsi inayoimarishwa na kudhoofishwa na ioni moja inafanana na udongo huo mbichi, wala haifanani na ukuta uliokandikwa chokaa.

Turudi kwa yule mwanafunzi. Kiwango cha kalsiamu katika damu hulindwa kwa karibu na homoni ya tezi za parathiroidi pamoja na vitamini D, hivyo glasi ya ziada ya maziwa haifungui lango lolote la NMDA. Na damu inapozidiwa na kalsiamu, kwa ugonjwa kwa mfano, mgonjwa huweza kuchanganyikiwa na kusinzia. Mtangazaji akitaka kulisema jambo hili kwa sentensi moja, ningemwomba aseme kwamba kupanda na kushuka kwa kalsiamu ndani ya seli za neva huziagiza sinapsi zibadilike, zikaze au zilegee. Na dagaa aendelee kuwasifu, kwa ajili ya mifupa.