Dang'a: maziwa ya ndama yasiyongoja kukuche

Dang'a ni maziwa ya mwanzo anayotoa ng'ombe akishazaa. Ni nzito, ya manjano, inanata vidoleni, na ukiitia motoni huganda mabonge mabonge. Kwa sura hiyo wako wanaoiona ni maziwa machafu wakaimwaga, na wako wanaoigandisha jikoni, wakatia sukari wakala na watoto. Wote hao wamekula haki ya ndama.

Mtoto wa binadamu huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tangu yumo tumboni. Ndama hapewi. Kondo la ng'ombe haliachii kinga ya mama ipite kwenda kwenye damu ya mtoto, kwa hiyo ndama anadondoka bandani hana kitu, penye mavi, mkojo na matope ya masika. Kinga yake imewekwa kwenye dang'a.

Tena ina saa zake. Utumbo wa ndama mchanga una njia zilizo wazi, kinga ikapita nzima nzima mpaka damuni bila ya kusagwa kama chakula. Njia hizo huanza kufunga mapema, na siku moja ikitimia huwa zimeshafunga. Dang'a ya kesho yake itamshibisha na itamlinda tumbo, lakini damuni haiingii tena. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanahesabu siku, "si yupo na mama yake, atanyonya tu". Ng'ombe kazaa saa nne usiku, watu wamelala, mkamaji anafika saa kumi na moja alfajiri. Saa saba zimekwenda. Na huyo ndama hakukaa bure saa zote hizo. Kalamba ukuta, kalamba mavi, vijidudu vimemtangulia tumboni.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Ng'ombe wa kienyeji amefungwa kamba chini ya mnazi, akizaa, ndama anasimama na kutafuta chuchu mwenyewe. Unguja mbung'o wa mwisho, yule nzi anayewaambukiza ng'ombe maradhi, alinaswa mwaka 1996, na kuondoka kwake kukarahisisha kufuga ng'ombe wa maziwa, hawa chotara wa kulishwa bandani. Hawa wana viwele vikubwa vinavyoning'inia chini, na mara nyingi ndama hutengwa na mama ili maziwa yauzwe. Ndama wa namna hii anakunywa pale tu binadamu anapokumbuka.

Kipimo chake si kigumu. Mpe kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 30 ni lita 3, yaani chupa mbili kubwa za maji, zile za lita moja na nusu. Nusu apewe ndani ya saa mbili za mwanzo akiweza, iliyobaki kabla ya saa kumi na mbili kupita tangu azaliwe. Osha kiwele kwanza, tena ukikaushe. Ukitumia ndoo, mtie kidole mdomoni anyonye huku unamshusha polepole kwenye maziwa. Usimkaze kichwa juu ukamimina kwa nguvu. Yakiingia mapafuni umemuua kwa mkono wako. Baada ya siku tatu nne maziwa hugeuka kuwa ya kawaida, naye huendelea kupewa asubuhi na jioni, na pumba, majani laini na maji safi vikimsogelea kidogo kidogo.

Dang'a haifanyi kila kitu. Kupe na ndigana kali, ugonjwa wanaouleta, ni shauri jingine, huko inatakiwa dawa ya kupe.

Ami yangu, kule Wete, Pemba, aliwahi kupoteza ndama jike wa siku sita kwa kuharisha. Mama yake alikuwa na homa baada ya kuzaa, kiwele kikavu, na hakuna aliyefikiria kwamba dang'a ya ng'ombe mwingine ingemfaa. Ingemfaa kabisa. Siku hizi akizalisha ng'ombe mwenye maziwa mengi, hukama ya ziada ya mkupuo wa kwanza, ndiyo bora, akaitia kwenye chupa na kuigandisha. Ikihitajika anaiyeyusha ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayastahimili. Ya moto sana huiua ile kinga ikabaki uji tu. Chupa zake ziko kwenye friji la mkewe, pamoja na barafu za kuuza. Zimeandikwa DANG'A kwa herufi kubwa, maana mjukuu mmoja alishaitoa moja akadhani ni barafu ya embe.