Masalio ya umakini ni nini?

Umekaa na kazi yako, simu ikalia, ukajibu ujumbe mmoja, ukaiweka simu chini. Dakika moja tu. Ukiishika tena kazi, unausoma mstari ule ule mara tatu na haukuingii. Kinachokuzuia sasa si simu, maana imeshanyamaza. Ni lile fungu la akili lililobaki kwenye ujumbe, na hilo ndilo tunaloweza kuliita masalio ya umakini.

Dhana hii ilielezwa na mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009. Majaribio yake yalionesha kwamba mtu akitoka kazi moja kwenda nyingine, fikra zake hazihami zote kwa pamoja. Kazi iliyoachwa njiani hung'ang'ania, na ile ya pili ndiyo inayoharibika. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hapa mtu ameshaliachia moja, lakini lenyewe bado limemshika.

Kwa hiyo tusichanganye usumbufu na masalio. Usumbufu ni ile hodi mlangoni. Masalio ni maneno ya mgeni yanayoendelea kuzunguka kichwani wakati mwenyewe ameshafika kwake.

Mimi husahihisha insha za wanafunzi nyumbani, hapa Chake Chake, Pemba, baada ya laasiri. Siku za harusi ya ukoo, kundi la WhatsApp halilali: nani ametoa mchango, nani bado, mchele umepanda. Siku moja nilimpa mtoto alama chache kwa aya ambayo, nilipoirudia usiku, ilikuwa nzuri kabisa. Macho yalikuwa kwenye daftari, moyo uko kwenye mchele. Liliniuma, kwa sababu mtoto yule hakuwa na kosa.

Waislamu jambo hili tunalijua kwa upande wa khushui, yaani utulivu wa moyo ndani ya sala. Tumefundishwa kuwa chakula cha usiku kikishawekwa na sala ikakimiwa, tuanze na chakula, ili mtu asisimame kusali huku roho iko kwenye sahani.

Sasa mtu afanyeje, na Pemba huwezi kumfungia mlango jirani? Mwaka 2018 Leroy na mwenzake Theresa Glomb walionesha njia nyepesi: kabla ya kuiacha kazi, andika kwa ufupi umefika wapi na ukirudi utaanza na nini. Akili ikijua pa kurudia, huachia.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka shangazi yangu wa Wete, mshonaji wa kofia za viua. Kofia hizo zina vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa mkono, na ukikosea kimoja ua zima linapinda. Ikipigwa hodi, haruki. Hukimaliza kitundu alichonacho, huichoma sindano pale pale atakapoanzia, hukunja kitambaa, ndipo husema, "Karibu, mwanangu." Mgeni akiondoka, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye sindano.

Siku hizi nami huandika pembeni kwa penseli, "insha ya 14, aya ya pili, tazama ngeli," kisha ndipo naenda mlangoni. Kundi la harusi nalijibu mara moja tu, baada ya magharibi, madaftari yakiwa yameshafungwa.