Dragista ya injini mbele: yanayosemwa gereji na yanayotokea kwenye lami

Dragista ni gari la kukimbia mstari mmoja mnyoofu, kwa kawaida robo maili, yaani mita 402. Ile ya kizamani ina injini mbele ya dereva, na dereva mwenyewe anakaa nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli, kama jiwe kwenye manati. Wamarekani waliiita hivyohivyo, slingshot. Leo wanaozijenga nyumbani huzipeleka kwenye mbio za magari ya zamani, kama zile za Machi huko Famoso, karibu na Bakersfield, California, zilizoanza 1959. Haina springi nyuma, haina milango, bodi yake ni bati chache tu. Ndiyo maana wengi huidhani rahisi, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

"Dereva aliwekwa nyuma ya ekseli ili awe mbali na hatari"

Aliwekwa kule awe mzigo. Matairi ya miaka ya 1950 yalikuwa dhaifu, na chochote kilichoyakandamiza kilisaidia. Dereva wa kilo 90 akikaa nusu mita nyuma ya ekseli, kwenye gari lenye mita 4.5 kati ya ekseli na ekseli, matairi ya nyuma yanabeba kilo 100 kwa ajili yake, na ya mbele yanapunguziwa 10. Ni hesabu ya mzani wa sokoni tu.

Bei yake ni kwamba kila kinachovuja, kinachopasuka au kinachoshika moto kinamjia yeye. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, giaboksi ya dereva Don Garlits ilipasuka, ikalikata gari vipande viwili na kuchukua sehemu ya mguu wake wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari la injini nyuma na kushinda mbio za Winternationals, Pomona. Hakuwa wa kwanza kuweka injini nyuma. Wengine walishajaribu, wakashindwa kulinyoosha gari likikimbia. Moja ya tiba alizotumia Garlits ilikuwa kupunguza wepesi wa usukani, jambo tutakalolirudia.

"Anza na chesisi, injini itatafutiwa nafasi baadaye"

Kwenye pikapu, sawa. Hapa chesisi ni ya mwisho kuchorwa. Kwanza uwe na vitu halisi sakafuni: matairi ya nyuma, nyumba ya difu iliyokwisha kukatwa kwa upana wake, giaboksi, bloku tupu ya injini, na dereva mwenyewe akiwa amevaa suti, helmeti na viatu vya mbio. Mkalishe, mpige picha kwa ubavu, pima. Miguu yake inapita juu ya mirija ya ekseli, mmoja kila upande wa difu, na nyayo zinafika ubavuni mwa giaboksi. Helmeti inaongeza kimo kuliko watu wanavyokisia, na upinde mkuu wa keji, yaani kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva, unatakiwa upite juu ya helmeti kwa inchi 3 (milimita 76) angalau. Aliyekunja bomba kwa kumpima dereva kichwa wazi atalikata.

Kabla ya kukata chochote, piga hesabu ya mwendo. Chukua gari la kilo 800 pamoja na dereva, na injini ya Chevrolet V8 ya lita 5.7 yenye nguvu za farasi 400. Injini ya namna hiyo haiogopeshi mtu siku hizi. Lakini kanuni ya uzito kwa nguvu inatoa sekunde 9.5 hivi kwa robo maili, na kasi ya karibu kilomita 230 kwa saa mwishoni. Mwenye gari alidhani anajenga kitu cha sekunde 11. Kitabu cha sheria cha NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kinadai cheti cha chesisi kwa gari la sekunde 9.99 kushuka chini. Mkaguzi akifika, anapima unene wa bomba kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Ukishakosea unene, hakuna rangi itakayokuokoa.

Hesabu hiyohiyo inakupa difu. Tairi la kipenyo cha inchi 31 lina mzingo wa mita 2.47. Kwa kilomita 230 kwa saa linazunguka mara 1,550 hivi kwa dakika. Injini ikiwa kwenye 6,500, toa asilimia 5 zinazopotea kwenye konveta ya giaboksi ya otomatiki, zinabaki kama 6,200. Gawanya: 4.0. Kwa difu ya Ford ya inchi 9 utachagua kati ya 3.89 na 4.11. Kumbuka tairi laini la mbio hutanuka likikimbia, kwa hiyo gia iliyo fupi kidogo, yaani yenye namba kubwa, husamehewa.

"Kromoli haipindi"

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na mafundi wazuri wanaiamini. Kromoli 4130, chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni, ina nguvu kuliko chuma laini, maana yake inavumilia mzigo mkubwa zaidi kabla ya kukunjika bila kurudi. Ukakamavu ni jambo jingine. Bomba mbili zenye kipenyo na unene sawa, moja ya kromoli na moja ya chuma laini, zinanesa sawasawa chini ya mzigo uleule.

Faida ya kromoli ni kwamba sheria inakuruhusu kutumia bomba jembamba. Kwa upinde mkuu wa keji wa inchi 1 na 5/8 (milimita 41.3), chuma laini kinadaiwa unene wa inchi 0.118, kromoli 0.083. Hiyo ni kilo 2.8 kwa mita dhidi ya kilo 2.0. Lakini bomba hilo jembamba linanesa theluthi moja zaidi. Anayebadilisha chuma laini kwa kromoli nyembamba akitarajia chesisi ngumu anapata kinyume chake.

Tena kunesa si kasoro. Ekseli ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye chesisi, kwa hiyo chesisi yenyewe ndiyo springi. Wajenzi wa miaka ya 1960 waliziacha reli ndefu zinyumbuke makusudi ili matairi ya nyuma yashike. Suala ni wapi pa kunesa. Kuanzia uso wa mbele wa injini kwenda kwenye magurudumu ya mbele, acha panese. Kati ya injini na ekseli, funga pembetatu mpaka pawe kama jiwe, kwa sababu humo mna kapla fupi inayounganisha giaboksi na difu bila yunivaso jointi. Mstari wa krenki na pinioni ukipishana, meno ya kapla yanalika, na bushi ya mkia wa giaboksi inafuata.

Na bomba la maji la duka la vifaa vya ujenzi? Usiliguse. Lile la "inchi moja" lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 34, kwa hiyo hata vipimo vyake si vile unavyodhani. Zinki iliyolipaka inaharibu weldi, na moshi wake unamtia mchomeleaji homa.

"Weldi nzuri ni ile iliyosagwa ikalainika"

Mkaguzi akiona alama ya grainda juu ya weldi ya keji anakataa, na ana haki: kusaga kunaondoa nyama palepale panapohitaji nyama. Kromoli huchomelewa kwa TIG peke yake, yaani weldi ya gesi na sindano ya tungsteni. Chuma laini unaweza kutumia TIG au MIG, ile ya waya unaojisukuma wenyewe. Kazi kubwa iko kabla ya moto. Kila ncha ikatwe mdomo wa samaki ukae kwenye bomba lenzake bila mwanga kupenya. Anayejaza pengo la milimita 2 kwa waya anaweka joto jingi mno, na chesisi inavutwa upande.

Funga kila kitu kwenye jigi, fremu ya chuma ya kushikilia kazi, iliyosawazishwa, weka nukta za weldi gari zima kwanza, kisha chomelea kwa kuruka: kiungo cha kushoto mbele, cha kulia nyuma, na hivyo hivyo. Pima mishazari kila baada ya viungo vichache. Acha kipoe chenyewe, mbali na upepo wa feni. Maji juu ya 4130 yenye moto yanaigeuza kioo. Nyumba ya difu nayo hujikunja ikichomelewa mabano, kwa hiyo ipimwe kwa nondo ya kunyooshea ukishamaliza, vinginevyo ekseli mpya zitakula beringi zake.

"Urefu ni mbwembwe"

Uzito unaohama kutoka mbele kwenda nyuma gari linapoondoka ni uzito wote, mara mchapuko, mara kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa umbali kati ya ekseli. Gari letu la kilo 800, likiondoka kwa 1.5 g (mara moja na nusu ya mvuto wa dunia) na kitovu chake kikiwa nusu mita kutoka ardhini, linahamisha kilo 200 kama ni la mita 3. Kama ni la mita 4.5, linahamisha 133. Ikiwa magurudumu ya mbele yalibeba kilo 200, gari fupi limeyanyanyua yote, na usukani umebaki pambo. Refu bado lina kilo 67 za kushika njia. Ukizidisha urefu, unabeba bomba zaidi na trela ndefu zaidi.

"Ngao za klachi na giaboksi ni za magari ya nitro (mafuta makali ya nitromethani)"

Hapa hakuna ubishi wa ladha. Flaiwili, gurudumu zito nyuma ya injini, inayozunguka mara 6,500 kwa dakika ikipasuka, vipande vinatoka kama vya bomu, na kwenye gari hili nyayo na miguu ya dereva viko jirani nayo. Injini ya petroli isiyo na chaja ya kusukuma hewa inatosha kabisa kufanya hivyo.

Ukitumia klachi, nyumba yake iwe ya chuma yenye cheti cha SFI 6.1 (SFI ni taasisi ya viwango vya usalama wa mbio), ile ya alumini ya kiwandani ni kifuniko cha vumbi tu. Ukitumia otomatiki, na wengi hutumia Powerglide ya gia mbili kwa kuwa ni fupi na nyepesi, unahitaji sahani ya flaiwili ya SFI 29.1, ngao yake ya 30.1, na ngao ya giaboksi ya 4.1. Kapla nayo iwe na mfuniko mnene wa chuma uliofungwa kwenye chesisi, siyo kwenye giaboksi, maana giaboksi ikiondoka itaondoka na mfuniko wake.

Difu ifungwe spuli, kipande kinachoyalazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja, ekseli ziwe za soko la mbio. Difu ya kawaida inayoruhusu gurudumu moja kuteleza italigeuza gari ubavu kabla dereva hajajua.

"Methanoli ni petroli yenye jeti kubwa kidogo"

Petroli inataka hewa sehemu 14.7 kwa moja ya mafuta. Methanoli, aina ya alkoholi, inataka 6.4. Kwa hiyo mafuta yanazidi maradufu, na pampu, paipu, vali ya kuelea na tangi vyote vibadilike. Aliyebadilisha jeti, tundu la kupitishia mafuta kwenye kabureta, peke yake anaishiwa mafuta katikati ya njia, na pistoni inatoboka. Methanoli inanyonya unyevu wa hewa na kula alumini, kwa hiyo mfumo wote umwagwe na kusafishwa kila baada ya siku ya mbio. Ukiona unga mweupe kwenye kabureta, umechelewa. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, na kwenye gari hili upepo unauleta kwa dereva. Ndoo ya maji ikae karibu, maana maji yanaizima. Kuhusu nitromethani, hata NHRA waliifungia toka 1957 hadi 1963. Anayejenga gari la kwanza aiache.

"Usukani mwepesi ndio wa mbio"

Kwa kilomita 230 kwa saa, usukani unaojibu haraka unamfanya dereva arekebishe kupita kiasi, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ukutani. Chagua steringi boksi nzito kujibu. Zile za Chevrolet Corvair zilipendwa na wajenzi wengi. Mpe ekseli ya mbele mlalo mkubwa wa kasta, yaani kulaza nyuma mhimili ambao magurudumu hugeukia, ili magurudumu yajirudishe yenyewe. Usitie kromu fimbo za usukani ili zing'ae: haidrojeni ya bafu la kromu huingia kwenye chuma kigumu na kukifanya kivunjike bila kupinda kwanza.

"Breki zinatosha"

Dragista nyingi za aina hii zina breki nyuma tu. NHRA inadai parachuti kuanzia maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241, na gari letu la mfano liko karibu kabisa na hapo, kwa hiyo ifunge tangu mwanzo. Kamba yake ivute usawa wa kitovu cha uzito. Ikivuta juu sana inanyanyua pua, chini sana inanyanyua matairi ya nyuma. Kisha mfunge dereva mikanda yote pamoja na vizuizi vya mikono, ambavyo ni lazima kwa gari lililo wazi, mwambie afumbe macho na avute wenzo wa parachuti, kisha azime mafuta. Asipofika, sogeza wenzo. Mikanda yenyewe ina tarehe: miaka miwili tangu kutengenezwa, hata kama haijawahi kutumika, kwa hiyo inunue mwisho kabisa, chesisi ikiwa imeshapakwa rangi.

"Likiwaka, liko tayari"

Mwendo wa kwanza uwe wa futi 60, mita 18, kisha achia mafuta na uliache lijiendee. Rudi, vua bati, angalia mivujo ya oili, kaza upya boliti za bamba la injini na za ekseli, tazama weldi kuzunguka nyumba ya difu kwa tochi. Wa pili ufike nusu ya njia, na parachuti ijaribiwe humo, kwa kasi ambayo hata isipofunguka breki zitamudu. Boliti iliyolegea mara mbili mahali pamoja haihitaji kukazwa mara ya tatu. Kitu kinajikunja hapo, na lazima kitafutwe kabla gari halijarudi kwenye mstari.