Je, wajua kwa nini chipu ileile hupita forodhani leo, kesho ikadaiwa kibali?

Chukua chipu ya Wi-Fi, ndogo kama ukucha wa kidole. Ikiingizwa peke yake, huwekwa kwenye kifungu 8542 pamoja na saketi unganishi nyingine. Ukiichomelea kwenye kibao chenye antena, mara nyingi huhamia 8517.62, penye mashine za kupokea na kutuma data. Hapo nchi nyingi hudai kibali cha mamlaka ya mawasiliano, kwa kuwa sasa ni kifaa kilicho tayari kurusha mawimbi ya redio.

Namba hizi ni za HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ulioanza kutumika 1988 na kusimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia; zinazofuata kila nchi hujiongezea. Kapasita ziko 8532, rizista 8533, dayodi na transista 8541. Hizo hazisumbui.

Kazi iko kwenye chipu. Kifungu 8542 hugawanywa kwa kazi ya chipu yenyewe: prosesa 8542.31, kumbukumbu 8542.32, amplifaya 8542.33, zilizobaki 8542.39. Zaidi ya hapo, maelezo ya Sura ya 85 ya HS, yenye vifungu hivi, yanasema 8541 na 8542 hutangulia karibu vifungu vingine vyote. Ndiyo maana chipu ya Wi-Fi, ingali peke yake, haihesabiwi kuwa redio. Kwa maoni yangu, mwagizaji aanze kwa kusoma maelezo hayo kabla ya orodha ya ushuru. Anayeandika "vipuri vya umeme" tu kwenye ankara anamlazimisha ofisa kukisia. Namba ya modeli na waraka wa kiufundi wa mtengenezaji humaliza ubishi mwingi.

Ushuru na kibali ni mambo mawili. Chipu nyingi hazitozwi ushuru katika nchi zilizojiunga na mkataba wa bidhaa za teknolojia ya habari wa 1996, lakini msamaha huo haufuti leseni, yaani kibali cha kuingiza. Chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani, leseni ambayo kila aliyetimiza masharti hupewa inapaswa kutolewa ndani ya siku 10 za kazi. Ile ambayo maombi yake huchujwa kwanza yaweza kusubiriwa hadi siku 30, au 60 maombi yakipimwa kwa pamoja.

Ukibaki na shaka, omba forodha uamuzi wa awali wa uainishaji kabla mzigo haujasafirishwa. Nchi nyingi huutoa kwa maandishi, nao huifunga forodha yenyewe mradi bidhaa inayofika ndiyo uliyoieleza.