Griha pravesha: Wahindu wanavyoingia nyumba mpya, na mkwe akae wapi

Griha pravesha ni ibada inayofanywa na Wahindu kabla ya kuhamia nyumba. Ukiuliza watu wa mtaani watakuambia ni kubariki nyumba: maharaji, yaani kuhani wa Kihindu, anakuja, anasoma yake, ananyunyiza maji, watu wanakula, basi. Si uongo, ila hapo kiini kimeachwa nje. Nimeolewa kwa Wagujarati wa Mombasa, Wahindi wenye asili ya Gujarat, na baada ya kukaa mbele ya moto wa ibada hiyo naona jambo hili liko karibu zaidi na kupiga hodi, tena hodi ya mtu anayejua kwamba ameshakosea.

Nyumba imesimama juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe. Miti ilikatwa, siafu na mijusi walifukiwa msingi ulipochimbwa, udongo ulipasuliwa kwa sululu. Anayehamia anaingia na deni hilo hata kama nyumba aliinunua ikiwa tayari imejengwa. Sehemu ya ibada inayoshughulikia deni huitwa vastu shanti, yaani kuituliza mahali, na kwa Wagujarati wa kwetu neno vastu peke yake ndilo linalotumika kwa shughuli nzima. Utasikia, "Jumapili tuna vastu kwa kaka," na kila mtu ameshaelewa kwamba kaka anahama.

Anayetulizwa ana jina: Vastu Purusha. Kisa chake kimo katika Matsya Purana, kimojawapo cha vitabu vya kale vya visa vya Kihindu. Mungu Shiva alipokuwa akipigana na pepo Andhaka, tone la jasho lake lilianguka ardhini, likatoka kiumbe mwenye njaa isiyoshiba, akawa anatishia kuumeza ulimwengu. Miungu wakamrukia, wakamlaza kifudifudi, wakamkalia kila mmoja mahali pake ili asiinuke tena. Akalalamika, na haki alikuwa nayo, maana kosa lake lilikuwa njaa tu. Basi akapewa fungu: kila ajengaye nyumba amtolee sadaka kwanza, asiyefanya hivyo atakuwa chakula chake. Mpaka leo yuko chini ya kila nyumba, kichwa kaskazini mashariki, miguu kusini magharibi. Maharaji humchora kwa miraba, mara nyingi 81, yaani tisa kwa tisa, au 64, na ndani yake hukaa miungu 45, Brahma, mungu muumbaji, akiwa katikati. Ndiyo maana Mhindu anayefuata vastu katika kujenga ataweka pembe ya kuabudia kaskazini mashariki na jiko kusini mashariki, upande wa Agni, mungu wa moto. Mkandarasi asiyelijua hilo hubomoa jiko mara mbili.

Ombi lenyewe ni la zamani kuliko kisa hicho. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Kihindu, kitabu cha 7, wimbo wa 54 unamwita Vastoshpati, bwana wa makao, na kumwomba awatambue wanaoingia, awape maingilio mema, awaepushe na maradhi, awe mwema kwa wenye miguu miwili na wenye miguu minne. Tazama wanachoanza nacho: utambue kwamba tumefika. Mali inakuja baadaye.

Vitabu vya desturi hutaja aina tatu. Apurva ni kuingia nyumba mpya ambayo haijakaliwa. Sapurva ni kurudi katika nyumba yako mwenyewe baada ya kukaa mbali muda mrefu, kwa mfano aliyekwenda Uingereza miaka mingi akarudi. Dvandva ni kuingia tena nyumba iliyojengwa upya baada ya moto, mafuriko au tetemeko. Iko pia bhumi puja, yaani puja (ibada) ya ardhi, lakini hiyo hufanywa kiwanjani kabla ya jiwe la kwanza, isichanganywe na hii.

Kuna sharti moja la kale ninalolipenda kwa sababu lingeokoa wengi: nyumba isiyo na milango, isiyoezekwa, ambayo haijatolewa sadaka na ambayo watu hawajalishwa ndani yake, isiingiwe. Kwetu tunahamia hata dirisha halina kioo.

Siku haichaguliwi na mwenye nyumba. Maharaji hufungua panchanga, kalenda ya mwezi na nyota, akatafuta muhurta, saa iliyo njema. Kuna vipindi vizima ambavyo hapatikani wa kukufanyia. Chaturmasa ni miezi minne, takriban Julai hadi Novemba, ambapo mungu Vishnu husemekana amelala. Pia kuna siku kumi na tano au kumi na sita za kuwakumbuka wazee waliofariki, na majira ya kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari 14, ambayo Wagujarati huyaita kamurta. Kwa hiyo ukisikia shemeji yako amemaliza kulipia fleti mwezi wa nane na bado anapanga nyumba nyingine hadi mwezi wa kumi na moja, hana matatizo na benki.

Tena kuna kalenda ya pili, ya mke. Kwa desturi mwanamke aliye hedhini hakai kwenye puja. Mama mkwe aliniuliza jikoni, akiwa amepiga magoti mbele ya ungo wa mchele, akitoa punje zilizovunjika, kwa kuwa mchele wa ibada sharti uwe mzima. "Beta, mwanangu, siku zako unazijua?" Hakuinua macho. Nikamjibu, "Ndiyo mama," nikamtajia, akampigia maharaji, tarehe ikasogezwa. Vijana wengi wa Kihindu siku hizi wanaipinga desturi hii waziwazi, na mimi nipo upande wao. Lakini ukiwa mkwe, lijue swali litakuja, na afadhali likujie jikoni kuliko mbele ya wageni.

Mahitaji mengi yanapatikana sokoni Mombasa bila shida: majani ya mwembe, popoo, tambuu, manjano, samli, kafuri, ubani, maua ya rangi ya chungwa, sukari guru. Kinachosumbua ni nazi, jambo la ajabu kwa mji kama huu. Muuza nazi wetu hufua nazi ikabaki uchi, anadhani anakusaidia. Ya puja inatakiwa ibaki na kishungi cha makumbi kikiyafunika macho yake matatu. Mwambie mapema, la sivyo utarudishwa. Nazi hiyo huwekwa juu ya kalasha, chungu cha shaba kilichojazwa maji, kikazungushiwa majani matano ya mwembe mdomoni. Majani mengine hutungwa pamoja na maua kuwa torani, mkufu unaoning'inizwa juu ya mlango, na sakafuni mbele ya kizingiti huchorwa rangoli kwa unga wa rangi.

Wakati huo ndani ya nyumba kunapaswa kuwa patupu. Hakuna makochi, hakuna vitanda. Jiko linaruhusiwa, kwa sababu litatumika.

Saa ikifika, mume na mke huingia pamoja, mguu wa kulia kwanza, mke akiwa amebeba kalasha. Kule India wenye nafasi hutanguliza ng'ombe na ndama wake. Kwetu, ghorofani Nyali, mtaa wa Mombasa, hilo halikujadiliwa. Wifi yangu alifunga ncha ya sari yangu na mtandio wa mume wangu, tukakaa hivyo hadi mwisho, na ukitaka kunyanyuka kidogo kunyoosha miguu, mwenzio anavutika.

Anayeitwa kwanza ni Ganesha, mwondoa vikwazo, kisha sayari tisa, kila moja na nafaka yake na rangi yake, kisha Vastu Purusha mwenyewe. Halafu moto. Havani, ndio moto wa sadaka, huwashwa ndani ya chombo cha chuma kilichowekwa juu ya matofali ili vigae visipasuke. Maharaji husoma, na kila anapofika kwenye neno svaha, mume humimina kijiko cha samli na wengine hutupia mchanganyiko wa mizizi, ufuta na manukato. Unashika kwa kidole gumba, cha kati na cha pete. Cha shahada hakitumiki, nacho ndicho mkono unachotaka kutumia kila mara. Baada ya saa ya kwanza macho yanawasha, moshi umejaa hadi korido ya jirani, na mtu hupelekwa kuzima kengele ya moto. Mwisho kabisa nazi kavu iliyofungwa kitambaa chekundu huwekwa motoni nzima. Hiyo ni purnahuti, sadaka ya kukamilisha, na wote husimama.

Jikoni kuna ibada nyingine ndogo, ambayo kwa Watamili na watu wa Kerala, kusini mwa India, ndiyo hasa yenye uzito: kuchemsha maziwa mpaka yamwagike. Siku nyingine zote maziwa yakifurika unaitwa mzembe. Siku hiyo wote husimama wakingoja povu lipande, na yakimwagika juu ya jiko jipya wanawake hupiga makofi, kwa kuwa riziki imezidi chombo. Kisha hupikwa kitu kitamu cha kwanza cha nyumba. Wagujarati hupika lapsi: ngano iliyovunjwa, samli na sukari guru. Familia nyingi huongeza katha ya Satyanarayana, jina mojawapo la Vishnu, kisa cha sura tano kinachosomwa kwa sauti, na baadaye hugawiwa halua ya semolina yenye ndizi. Si wote wafanyao haya yote. Familia za Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati Bombay mwaka 1875, hawana sanamu wala mchoro wa Vastu Purusha. Kwao moto na mantra, maneno matakatifu, vinatosha.

Sasa, mkwe akae wapi? Swali hili linawasumbua sana wakwe wa nje, na jibu linategemea nyumba ni ya nani. Kama ni ya wakwe zako, wewe ni mwanafamilia unayekaa nyuma, unayepokea mchele wa kurusha, unayesaidia jikoni. Kama ni yenu wewe na mwenzio, hakuna nyuma ya kukaa. Ibada hii haifanywi na maharaji kwa niaba yenu. Yeye anaongoza maneno, wenye nyumba ndio watendaji, na mume asiye na mke pembeni yake huhesabiwa nusu. Ndiyo sababu wakwe wengi husisitiza ukae hata kama si wa dini yao. Ukidhani wanakulazimisha dini utaudhika, kumbe wanachokitaka ni ombi la nyumba litoke kwa wote watakaolala humo.

Mimi nimelelewa kanisani, na nilikaa. Wengine hawatakaa, na hilo lina njia yake. Umwambie mwenzio wiki kadhaa kabla, yeye ndiye awaambie wazazi wake, isiwe wewe, na isiwe siku yenyewe. Maharaji wengi wana namna ya kulipanga: huweza kuketi mume na mama yake au ndugu waliooana. Alama nyekundu ya paji la uso na uzi mwekundu wa mkononi huweza kukataliwa kwa kukutanisha viganja na kuinamisha kichwa, hakuna atakayeuliza. Prasadi ni jambo jingine, maana ni chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu, na Muislamu au Mkristo asiyekila awe makini: chakula cha mchana kwa kawaida kiko mbali nacho, lakini baadhi ya nyumba huchanganya prasadi kidogo ndani ya sufuria kubwa. Uliza kwa wifi, kwa upole. Ukipokea, pokea kwa mkono wa kulia.

Chakula hakina nyama wala mayai, na nyumba nyingi siku hiyo hawatii hata kitunguu. Zawadi ni bahasha, na kiasi chake huishia na moja: shilingi 501, 1,001, 5,001, kwa imani kwamba namba iliyofunga kwa sifuri imekwisha na hii bado inaendelea. Wauza bahasha wanalijua hilo, nyingine huja na sarafu imeshagandishwa nje.

Jina hilohilo la griha pravesha lina matumizi ya pili, yanayomgusa mkwe wa kike hata kabla ya nyumba yoyote kununuliwa. Ni siku bibi harusi anapoingia kwa wakwe zake. Kizingitini huwekwa chungu kidogo cha mchele, naye hukisukuma kwa mguu wa kulia mchele umwagikie ndani, na katika nyumba nyingine hukanyaga maji ya rangi nyekundu na kuacha nyayo zake sakafuni kama Lakshmi, mungu wa neema, anayeingia. Hapo hakuna moto wa kutuliza ardhi. Mgeni anayeingia ndiye anayeheshimiwa. Kwa hiyo mtu akikualika griha pravesha, uliza kwanza ni ya nyumba au ya bibi harusi, maana nguo na bahasha havilingani.

Usiku wa kwanza lazima mtu alale ndani, na taa ya samli iachwe ikiwaka. Nyumba iliyofanyiwa vastu ikafungwa kufuli usiku huohuo ni sawa na haijafanyiwa, ndivyo asemavyo mama mkwe, na fundi wa mabomba aliyekuwa hajamaliza choo hakuhesabiwa kuwa sababu. Wapangaji hawabebi mzigo wote huu. Nyumba si yao na deni la msingi ni la mwenye nyumba. Huweka kalasha pembeni, huwasha taa, huchemsha maziwa yamwagike, kisha wanaingiza vitanda.