Waya wa chuma hausafishi kabureta

Hapa Goma, jenereta au pikipiki ikikohoa, wengi huchomeka waya wa chuma kwenye jikleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia esansi (petroli) ndani ya kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa. Injini huwaka, basi watu huamini imepona. Sivyo. Chuma ni kigumu kuliko shaba, kwa hiyo waya unakwaruza na kupanua tundu. Kutoka milimita 0.70 hadi 0.75 jicho halioni tofauti, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa karibu asilimia 15. Na mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari: hewa ni nyepesi, mchanganyiko tayari una esansi nyingi. Ukiongeza tena, moshi unatoka mweusi, buji (plagi ya kutoa cheche) inajaa masizi, na mteja analipia esansi inayopotea bure.

Fungua jikleri, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha pulizia hewa ya kompresa. Ikikataa, tumia uzi wa nailoni. Iliyokwisha kupanuliwa haitengenezeki; nunua nyingine yenye namba ileile.

Jenereta ikitarajiwa kukaa wiki nyingi bila kazi, funga bomba la esansi ikiwa bado inawaka, uiache izime yenyewe. Utando unaoziba tundu hutokana na esansi iliyolala ndani.